Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: mimi siye huyo mnayemtafuta

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUNITENGANISHA NA GAIDI NISIYEMJUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeshakuandikia mara nne kwa bahasha, kwa adabu zote. Ama hazikufika, ama zilifika zikalaliwa.

Alhamisi iliyopita nilikosa ndege tena. Nilikuwa nampeleka mwanangu akamwone bibi yake aliyelazwa. Kijana wa dirishani akapitisha pasipoti yangu, akatazama kompyuta, uso ukambadilika. "Mzee, subiri hapo pembeni." Nikajua. Saa tatu na ushei kwenye chumba kisicho na dirisha, mkanda wamechukua, kamba za viatu wamechukua. Mwanangu ana miaka tisa. Akaninong'oneza, "Baba, kwani umeiba?"

Jina langu linakaribiana na la mtu aliyemo kwenye orodha ya vikwazo, ile ya watu wanaoshukiwa ugaidi. Ni jina la Kiarabu, na majina yetu kila karani huyaandika anavyoyasikia: Muhammad, Mohamed, Mohammed. Kompyuta, ili isimkose mbaya, inazoa yote yanayofanana. Hapo sina ugomvi. Lakini karani mmoja wa benki, kwa huruma zake, alinionyesha kuwa huyo bwana amenizidi miaka 17. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa hapo hapo! Nani anashindwa kulinganisha tarehe mbili? Mimi nahisi hakuna anayeshindwa, ila hakuna anayetaka kuweka sahihi. Akiniruhusu kukatokea jambo, kibarua chake kimeota nyasi. Akinizuia, nani atamuuliza?

Pesa za matibabu ya mama zimezuiwa benki tangu mwezi wa tatu. "Mfumo umekataa," ndiyo kauli yao. Mama kapasuliwa kwa mkopo, nami nina akiba nisiyoweza kuigusa.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa. Sitetei magaidi, wala sisemi nchi zisishirikiane. Azimio 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitishwa siku 17 tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, likizitaka nchi zote zizuie mali za magaidi na kupeana taarifa. Azimio 2396 la mwaka 2017 likaongeza taarifa za abiria wa ndege. Ushirikiano huo unafanya kazi, mimi ni shahidi: kosa lenu juu yangu linavuka mipaka kwa sekunde chache, marekebisho yake yanasubiri mhuri.

Tena kuna kichekesho. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa uliunda ofisi ya kusikiliza wanaotaka kufutwa kwenye orodha ya Al-Qaida. Nikamkimbilia wakili. Akacheka, maskini, hakuweza kujizuia: "Utaombaje kutolewa mahali ambapo humo?" Yaani yule mwenye jina lake ana mlango wa kubisha, mimi naambiwa nirudi kwako.

Nawe mwaka jana ulisimama mbele ya kamera ukatuahidi dawati la malalamiko, majibu ndani ya siku 14. Dawati lipo, nimeliona kwa macho yangu. Lina na kiti. Leo ni siku ya 210.

Mwanzoni nilitaka fidia. Nikataka na kuombwa radhi, mbele ya mwanangu ikiwezekana. Nimeviacha vyote. Naomba karatasi moja yenye mhuri wako, inayosema huyu siye yule, nami nitaitembeza mwenyewe uwanja wa ndege, benki, popote. Hata ikiwa na makosa ya tahajia nitaipokea, mradi jina langu tu msilikosee tena.

Tarehe 9 mwezi ujao mama anarudi kwa daktari, na pesa bado zimefungwa. Karatasi moja, Mheshimiwa. Nitaifuata mwenyewe ofisini kwako, mradi walinzi wa getini wasinipitishe kwenye kompyuta.

Wako mtiifu, bado,
Mwananchi mwenye jina la mtu mwingine