Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Faragha na Usalama wa Mifumo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha taarifa ya chama chetu kwa mwaka tunaoufunga. Hesabu zilizokaguliwa atazisoma mhazini, na mambo ya uanachama yamo katika ripoti ya katibu. Mimi nitazungumzia suala lililotawala vikao vyetu: jinsi ya kulinda mifumo bila kuwavua faragha watu ambao taarifa zao tumekabidhiwa.

Mjadala mkali zaidi ulihusu usimbaji fiche, yaani kugeuza ujumbe kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo wake. Wenzetu wanaosaidia vyombo vya upelelezi walitueleza jinsi kesi ya utekaji inavyoweza kukwama kwa sababu ya simu moja isiyofunguka. Hoja hiyo ni nzito na tuliipa muda wake. Hata hivyo, pendekezo la kutaka kila programu ya mawasiliano iwe na mlango wa siri kwa ajili ya dola tumelikataa. Mwaka 2004 na 2005 huko Ugiriki, watu wasiojulikana waliingia kwenye mitambo ya kampuni ya simu, wakautumia mfumo uliokusudiwa kusikiliza simu kwa amri ya sheria, wakanasa simu zaidi ya 100, ya waziri mkuu ikiwemo. Mwaka 2024 Marekani nayo ikatangaza kuwa wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia katika kampuni zake za simu, wakafikia hata taarifa zilizoombwa kwa amri za mahakama. Desemba mwaka huohuo CISA, wakala wake wa usalama wa mtandao, ikawashauri viongozi waandamizi watumie mawasiliano yaliyosimbwa mwanzo hadi mwisho, ambayo husomwa na mtumaji na mpokeaji tu. Ni serikali ileile ambayo mwaka 2016 iliiomba mahakama iilazimishe Apple kulegeza ulinzi wa iPhone. Mlango ukishakuwepo, anayeupata haulizwi kibali.

Kwenye kumbukumbu za mifumo, yaani rekodi ambazo mfumo hujiandikia kuhusu matumizi yake, ukweli ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo faragha na usalama hugongana kwelikweli. Mvamizi anaweza kujificha ndani ya mtandao kwa miezi; ukifuta kumbukumbu mapema, huna pa kuanzia uchunguzi. Ukizihifadhi milele, unamwekea akiba atakayefuata. Msimamo wangu ni kwamba rekodi za nani aliingia, lini na kutoka wapi zibaki kwa muda uliopangwa. Yaliyomo katika ujumbe wa wafanyakazi yasikusanywe kabla hakujawa na shaka mahususi.

Wapo wanaosema inatosha kuondoa majina. Haitoshi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wanaweza kutambulika kwa msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa tu. Ndiyo maana fomu yetu ya uanachama haiulizi tena tarehe ya kuzaliwa, na nakala za vitambulisho tumezifuta.

Mafunzo kwa wanachama wapya yaliendelea kama kawaida.

Azimio tunaloleta kwenu ni hili: kila mwanachama anayesimamia mfumo aandike kila aina ya kumbukumbu inahifadhiwa kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuisoma, na nani hukagua usomaji huo. Kamati inaomba mlipitishe. Mwenye marekebisho amkabidhi katibu kwa maandishi kabla ya kura kupigwa.

Mwenyekiti