Pakawa si yenu: barua kwa vijana watambaji hadithi

Wajukuu zangu mnaozunguka mashuleni, maktabani na kwenye matamasha mkitamba hadithi,

Asalaam alaykum, na poleni na kazi. Nina neno moja kwenu, na mengine yote yanatoka humo: hadithi ina watu wawili, fanani, yaani anayetamba, na hadhira, na wengi wenu mnaifanya kazi ya wote wawili.

Tazameni mlangoni tu. Mnaingia, mnapaaza "Paukwa!", na kabla mtoto wa nyuma hajafungua kinywa mmeshajijibu "Pakawa!" Pakawa si yenu, ni ya waliokaa. Paukwa ipandisheni kwenye u, ikateni, kisha fungeni midomo kwa muda wa pumzi moja nzima. Jibu likija jembamba, msianze ule ugonjwa wa washereheshaji wa harusi wa "Siwasikii! Bado siwasikii!" Ikifika mara ya tatu watu wanapiga kelele kwa kuudhika. Rudieni paukwa kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, mkiinama kidogo mbele. Atakaye kusikia atainama naye. Kisha teremkeni taratibu: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mistari hiyo haiongezi habari yoyote, lakini ina mapigo, na mapigo ndiyo yanayowafanya watu mia wapumue pamoja.

Ulizeni mapema wenyeji wanaitikia nini. Kuna skuli ambako paukwa haijulikani, ila ukisema "Hadithi, hadithi!" bati linatikisika: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Tumieni yao.

Kama watoto bado wanasukumana, tegeni vitendawili viwili au vitatu, si kumi. Cha kwanza kiwe chepesi: nyumba yangu haina mlango. Yai watalipata, na wakishapata kimoja watajaribu cha pili. Ukianza na kigumu unawafundisha kwamba hawajui, na asiyejua hunyamaza. Wakishindwa, dai mji. Jibu la bure halina ladha.

Sasa hadithi yenyewe. Nachukua ya kima, papa na punda wa dobi, iliyotambwa Unguja muda mrefu kabla mmisionari Mwingereza Edward Steere hajaichapa London mwaka 1870. Msiikariri neno kwa neno. Aliyekariri akisahau neno moja, macho yanapanda darini kulitafuta na watu wanabaki peke yao chini. Shikeni vituo, na hii ina sita: urafiki chini ya mkuyu, mwaliko, katikati ya bahari, kurudi, kimya cha mtini, na kisa cha punda wa dobi ambacho kima anamsimulia papa. Cha kukariri ni mlango, kiitikio, na kauli moja inayoigeuza hadithi, yaani kima anaposema moyo wake ameuacha mtini.

Wahusika wawili wanawatosha bila sauti mbili za kuigiza. Ile sauti nyembamba ya puani mnayompa kima haidumu dakika kumi, koo linakauka, na ikifika kituo cha nne papa naye anaongea kama kima. Tumieni shingo. Kima yuko juu ya tawi, basi akisema tazameni chini, kidogo kuliani. Papa yuko majini, akisema inueni kidevu, kidogo kushotoni. Shikeni pembe hizo mpaka mwisho. Baada ya mara tatu hamhitaji tena "papa akasema, kima akajibu", shingo imeshasema. Wakiwa safarini kima yuko mgongoni mwa papa, kwa hiyo pembe zinabaki zile zile, zinapungua urefu tu. Anayesahau hili na kuendelea kutazama tawini hukuti mtoto wa darasa la pili asiyemkamata.

Kituo cha tatu ndicho mnachokiua. Papa anasema sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Mkishalisema hilo mnakimbilia jibu, kwa sababu ninyi mnalijua. Hadhira hailijui. Hapo hesabuni kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Katika moja, kima anatazama maji. Katika mbili, anageuka polepole kutazama pwani ilivyo mbali. Katika tatu, anamrudia papa na anatabasamu. Ndipo aseme, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu aliyesahau miwani nyumbani: "Mbona hukuniambia tulipokuwa kule? Moyo wangu nimeuacha mtini." Mkilisema kwa kilio, ujanja wote umekwisha, maana papa gani ataamini kilio? Na mtoto akiropoka "Anadanganya!", msimnyamazishe wala msimjibu. Mtazameni jicho moja kama mwenzenu katika njama, kisha endeleeni.

Kituo cha tano nacho ni kimya: kima amesharuka mtini, papa anaita, hajibiwi. Iteni mara tatu, kila mara mkiacha nafasi ndefu zaidi. Mara ya tatu watoto ndio watakaomwita kima kwa niaba ya papa, na hapo mmefika.

Kiitikio, kama hadithi inacho, kisizidi maneno matano. Fundisheni kabla ya kuanza: imbeni mara mbili, waimbe mara mbili. Kisha ndani ya hadithi kitokee mara tatu, na ya tatu ninyi anzeni neno la kwanza tu. Mkimaliza wenyewe mmewanyang'anya.

Urefu: watoto wa madarasa ya kwanza, dakika nane hadi kumi pamoja na nyimbo. Watu wazima robo saa. Kuna wanaozidisha kwa kuongeza wanyama. Ongezeni kimya, si wanyama.

Kuhusu maiki, herufi p ni adui yenu, na angalieni hadithi yetu ilivyojaa: paukwa, pakawa, papa, punda. Maiki ikiwa mbele ya midomo kila p inatoka "puf" kwenye spika. Ishusheni usawa wa kidevu, umbali wa vidole vinne, ielekee mdomoni kwa mshazari, ili pumzi ipite juu yake. Msiikumbatie kichwani kama waimbaji wa rap, ndipo inapopiga mluzi, na msisimame mbele ya spika. Kwa darasa moja lenye watoto arobaini, iacheni kabisa.

Mahali pa kusimama pana mambo matatu. Dirisha au jua lisiwe mgongoni mwenu, uso unakuwa kivuli. Ufukweni upepo utoke nyuma yenu, usichukue sauti kuirudisha baharini. Watu wakae nusu duara, wa mwisho asizidi hatua nane au tisa, na wakae mkekani ikiwezekana, maana viti vya plastiki vinalia kila mtu akijigeuza.

Mvua ikipiga bati msishindane nayo. Simamisheni hadithi kwenye kituo, imbisheni, ikipungua endeleeni. Adhana ikianza, nyamazeni hata kama papa yuko katikati ya bahari. Afadhali zaidi kujua saa kabla: hadithi ya robo saa haianzi dakika kumi kabla ya magharibi.

Na mwisho, nawasihi, acheni "hadithi hii inatufundisha kwamba". Hiyo ni ya daftari la mtihani. Mtoto aliyemwita kima kwa niaba ya papa hahitaji kuelezwa ujanja ni nini. Wazee wa Unguja walikuwa na kufuli lao: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Lisemeni, shusheni mikono, ondokeni walipo.

Mazoezini kaeni wawili wawili, mmoja atambe punda wa dobi, mwingine asiseme ila kuhesabu kwa vidole kila kimya. Mkimaliza, vidole visipotimia kumi, rudieni tangu katikati ya bahari.

Ni mimi babu yenu.