Wifi yangu anaanika mwani mchangani, aibu naipata mimi

Shangazi, salaam. Naandika kabla ya alfajiri, usingizi umegoma. Mwenye mizani kasema mbele ya wanawake wote kwamba gunia letu la mwani limejaa mchanga, akakata kilo. Na alikuwa ananitazama mimi. Wifi yuko pembeni kimya, anatengeneza mtandio.

Mambo ya pwani unayajua. Mwani unatandazwa juu ya chanja, au turubai kama chanja huna, unageuzwa, jua likiwa kali siku mbili tatu umekauka. Ukinyeshewa ndiyo basi, rangi inakwisha na bei inashuka. Yeye anaumwaga ufukweni, anakwenda zake. Huku Unguja mwani unalimwa tangu 1989, leo mimi ndiye nisiyejua kuanika?

Kuvuna nako. Mbegu, yaani kitawi cha gramu 100, ukishaifunga kwenye kamba kwa taitai, vile vijiuzi, shibiri moja baina yake na mwenzake, inataka wiki sita. Yeye bamvua la pili tu, lile kupwa kubwa la kila wiki mbili, keshavuna, eti ana shida ya pesa. Mimi sina shida? Mwani uliokomaa, kilo 7 au 8 mbichi zinatoa moja kavu. Wake ukikauka hauna kitu. Na vyote vinaingia gunia moja, kwa kuwa mnunuzi alitupa kamba sote wawili kwa pamoja na hesabu ni moja.

Sisemi ni mtu mbaya. Nilipougua ndiye aliyenifungia kamba zangu. Lakini kwa nini nitazamwe mimi?

Kaskazi hii maji yakipwa mchana yanachemka, matawi yanafanya weupe na kukatika. Ukiona weupe unayatoa mapema, unakwenda kuyatupa nchi kavu. Yeye hatoi, na majani yanayouzonga mwani hayasafishi. Kotonii, ule mwani wa bei nzuri, ilishatushinda huku kwenye maji mafupi, tumebaki na spinosamu, aina ya bei ndogo. Ndiyo maana kilo ikikatwa inauma.

Mama mkwe hataki kusikia habari ya kugawana. Nami sitaki, Mungu shahidi yangu. Nataka aanike juu, basi. Ila kama ni kugawana, tunaanzia wapi, kwenye kamba au kwenye gunia? Maana kuna kina mama wanaolima maji marefu wananiita. Wanatumia nyavu zilizoshonwa kama mrija, zinaelea, na kotonii inakubali kule kwa kuwa maji hayapati joto sana. Lakini kule ni mashua, na kuogelea sijui. Mume wangu sijamwambia. Akijua yeye, mama yake kajua.

Nimwambie, au nikaanze kulima kule kwanza halafu waone wenyewe? Na mwenye mizani nimjibu nini bamvua lijalo? Kijiji usikitaje, tafadhali.