Barua kwa Masanja: njoo ukae meza ya alama

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Masanja,

Habari za siku? Huku sote wazima, shemeji yako anakusalimu.

Nimesikia unanicheka eti Jumamosi nashinda pembeni ya uwanja wa kriketi na daftari nikiandika alama, kazi ya wasiojua kucheza. Basi nikupe habari za Bill Frindall, Mwingereza. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1939, siku ileile ilipoanza kule Durban mechi ya Uingereza na Afrika Kusini isiyo na kikomo cha siku. Ilifika tarehe 14! Ili washinde, Waingereza walitakiwa mikimbio, yaani alama za kriketi, 696, wakafikisha 654, ikabidi waache wasije wakakosa meli ya kwao. Wakaandikiwa sare. Frindall alitumikia jeshi la anga, kisha mwaka 1966 akawa karani wa alama wa matangazo ya redio ya BBC, akadumu hadi 2008. Alifariki Januari 2009. Watangazaji wakipiga soga, yeye anaandika kila mpira. Wakitaka takwimu, wanamgeukia yeye. Huyo naye alikuwa hajui kazi?

Na kazi yenyewe si lelemama. Mpira usiozaa kitu unaweka nukta. Mwamuzi akinyoosha mikono yote miwili, mpira umepita mbali; nawe unainua mkono ajue umemwona. Akigusa goti lake, mikimbio imetokana na mpira kugonga mwili wa mpigaji: inaingia kwa timu, mpigaji hapati, mrushaji hadaiwi. Wengi hujikwaa hapo. Tunakaa makarani wawili, mmoja wa kila timu, na kila ova, yaani kila zamu ya mipira sita, tunalinganisha. Mwishoni hesabu ya wapigaji na ya warushaji lazima zikutane, kama kilo za mvuvi na kilo za mnunuzi pale kwenye mizani yako mwaloni. Zisipokutana, hatuinuki.

Mimi kinachoniuma ni mechi za zamani za hapa Mwanza. Wazee wanasimulia vizuri mno, lakini kila mzee ana matokeo yake, na ukiuliza daftari, hakuna anayelijua lilipo. Ndiyo maana yangu nayafungia kabatini, hata ya mechi za watoto wa shule.

Sasa Jumamosi hii karani wa upande wa pili ana msiba Ukerewe. Wewe hesabu unaiweza kuliko mimi. Fika saa mbili na nusu asubuhi nikuelekeze kabla mchezo haujaanza. Kalamu zipo. Beba kofia na mawe mawili ya mizani ya kukandamizia karatasi, maana upepo wa ziwa unaujua mwenyewe.

Ndugu yako,
Hamisi