Mikono Inapunga, Kosa Liko Miguuni

Mteja tunayemfundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa akitulalamikia kwamba hewa humwishia mapema kuliko wenzake, tukishuka naye majini hatuanzi kukagua mtungi. Tunaitazama mikono yake. Mara nyingi viganja vinafagia maji chini na pembeni bila kukoma, kama mtu anayefukuza nzi, na mwenyewe hana habari. Tukimwonyesha video baadaye, wa kwanza kushangaa ni yeye.

Ushauri anaopewa kila mzamiaji mgeni ni "kunja mikono kifuani". Sisi hatuupendi sana. Fujo itapungua, ni kweli, lakini kilichoifanya mikono ipunge bado kipo palepale. Na kwa wengi wanaokuja kwetu, kilichopo ni miguu inayozama.

Mapafu yako kifuani, na jaketi la kuelea hushika hewa karibu na hapohapo. Risasi, yaani vipande vya madini ya kuongeza uzito, zimefungwa kiunoni, na mapezi mazito yanayovaliwa miguuni yako mwisho kabisa wa mwili. Basi kifua kinapanda, miguu inashuka, na mtu anaogelea nusu amesimama. Kila teke linamsukuma juu badala ya mbele. Ili asipande, anatoa hewa kwenye jaketi. Akiacha kupiga mateke, anazama. Ili asizame, anapiga mikono. Kazi yote hiyo inalipiwa kwa hewa, na kwenye kina cha mita 20 kila pumzi inakula hewa mara tatu ya ile ya juu ya maji. Matope yanayotibuka na matumbawe yanayokwanguliwa na mapezi, hayo hata tusiyaseme.

Unaweza kujipima. Tafuta maji ya mita 4 au 5, chini pawe mchanga mtupu, mwenzako awe karibu. Lala kifudifudi, kunja magoti mpaka nyayo zitazame juu, shikanisha viganja, kisha usisogeze chochote. Pumua kama kawaida. Pumzi haibanwi hata mara moja ukiwa na mtungi. Subiri uone upande upi unaanza kushuka. Sasa nyoosha mikono mbele ya kichwa: utahisi kichwa kinainama na miguu inapanda. Irudishe kifuani, miguu inashuka tena. Uzito wa mikono ni uleule, ila ukisogezwa mbali na katikati ya mwili nguvu yake ya kuinamisha inaongezeka. Ndiyo maana yule ambaye tayari miguu yake ni mizito, akikunja mikono kifuani anajiongezea tatizo.

Mkao tunaofundisha ni wa mikono kuwa mbele, viwiko vimekunjwa kidogo, viganja vimeshikana kwa ulegevu chini kidogo ya usawa wa macho. Hapo kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi kama saa inasomeka bila kugeuza shingo, na mabega hayakakamai. Mikono ikitulia hivyo, mapafu na jaketi ndivyo vinavyobaki na kazi ya kukupandisha na kukushusha, kama inavyotakiwa.

Lakini ukilazimika kuinyoosha mikono yote muda wote ili tu usisimame, hapo vifaa ndivyo vinavyodai marekebisho. Tunaanza kwa kupandisha mtungi sentimita chache kwenye mkanda wake, tukihakikisha kisogo hakigongi valvu. Isipotosha, tunahamisha kilo moja ya risasi kutoka kiunoni kwenda mkanda wa juu wa mtungi. Si zote: lazima zibaki za kutosha mahali unapoweza kuzidondosha kwa dharura.

Halafu tunarudia kipimo mtungi ukiwa umekaribia kuisha. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bari 200 umebeba karibu kilo 3 za hewa, na ule wa alumini ukipungukiwa hewa hutaka kuelea, hasa upande wa kitako. Mtu aliyelala sawasawa mwanzoni anaweza kumaliza safari matako juu.

Kwenye kipindi chetu cha kurekebisha mkao tunakurekodi ukiwa umetulia, maana anayeogelea huficha makosa yake kwa mateke. Njoo na mapezi na suti yako mwenyewe ya kuzamia. Ukitumia vya kukodi, vyenye uzito na ueleaji tofauti, tutakuwa tumewapimia watu wengine.