Matangazo yetu na wanaoyakosa

Habari za jioni, wapendwa.

Wanachama wetu watatu wa muda mrefu walikosa kikao cha uchaguzi kwa sababu tangazo liliwekwa humu kwenye kundi letu la simu tu, likafunikwa na salamu na picha kabla hawajafungua simu. Kosa ni letu viongozi, na limeniuma sana. Watu waliokilea chama hiki hawastahili kusikia matokeo kwa jirani.

Nimesikia wengine wakisema wazee hawawezi simu na vijana hawana subira. Sikubaliani. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu wawe kizazi kimoja. Yapo pia mambo waliyoyapitia pamoja ujanani, na hata hao waliopitia jambo lilelile huweza kulitazama kwa namna tofauti. Juzi kijana wetu wa miaka 24 aliniomba barua ya karatasi, na mama yetu aliyepita 70 ndiye aliyetaka kila kitu kwa simu. Kwa hiyo tuulizane, tusikisiane.

Kuanzia sasa tangazo la kikao litatoka siku 14 kabla, humu na kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Asiyejibu atapigiwa.

Naomba kila mmoja aniandikie pembeni, si humu: njia gani inakufaa, na saa ngapi unapatikana? Asiyependa kuandika atume sauti. Jumamosi asubuhi nitaanza kuwapigia ambao sijawasikia.