Mada ya Jumamosi: Mikataba ya Geneva

Wapendwa habari za jioni, Jumamosi tunakutana saa kumi palepale, mada ni mikataba ya Geneva (sheria za kuwalinda majeruhi, mateka na raia wakati wa vita) na naomba tusianzie 1949 kama watu wanavyopenda. Tuanzie kwenye mapigano ya Solferino, Italia, 24 Juni 1859. Henry Dunant, mfanyabiashara Mswisi, alikuwa anamfuata Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, kwa mambo yake ya biashara huko Algeria, kufika Castiglione, mji wa jirani, akakuta majeruhi wamelazwa mpaka kanisani juu ya majani makavu, wa kuwapa hata maji hawatoshi, akina mama wa pale wakawa wanawaosha vidonda wote bila kuuliza huyu wa jeshi gani, wanasema tu "wote ni ndugu". Ndo wazo la mikataba lilipotokea hapo jamani! 1864 nchi 12 zikasaini mkataba wa kwanza, vifungu 10 tu, vya majeruhi. Mateka wa vita walisubiri mkataba wao wenyewe hadi 1929, raia hadi 1949 yaani baada ya vita viwili vya dunia, mi hiyo hunikera kweli. Dunant mwenyewe alifilisika 1867 (Nobeli akaja kuipata 1901). Sasa nani anachukua protokali za 1977 (nyongeza za mikataba hiyo)? Msinikaushie, naona tiki za bluu.